Mwaka Nilioiunguza Mota ya Bwana Awadhi

Hamisi tumemzika wiki iliyopita baada ya sala ya adhuhuri, na sasa katika watu wa karakana ya Fundi Mbaruku nimebaki mimi peke yangu. Nilikaa upande wa wanawake nikiwasikiliza wanaume chini ya turubai wakimtaja marehemu kwa mambo ya uzeeni mwake: karakana yake ya Temeke, mafundi aliowafunza, ulimi wake usiojua kupumzika. Hakuna aliyeutaja mwaka ninaoujua mimi, na siwalaumu, kwa kuwa hakuna miongoni mwao aliyekuwepo. Ndiyo sababu nimemwita mjukuu wangu Rehema akae hapa na daftari, mimi niseme, yeye aandike. Sikupelekwa shule wala sitajifanya kwamba nilipelekwa. Lakini kitu nilichokishika kwa mikono yangu nakijua, na nimemwonya asinipambie maneno.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu huko Mchafukoge, nyuma ya duka la vitambaa, na kuingia kwake kulikuwa kwa uchochoro mwembamba kiasi kwamba watu wawili waliobeba mota iliwabidi watembee ubavuubavu kama kaa. Ndani mlikuwa na meza tatu, dirisha moja lenye nondo, na ukuta mzima uliotundikwa mota zilizokufa, kila moja imefungwa kipande cha khanga ili Fundi amtambue mwenye mali, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kukataa karatasi. Harufu ya vanishi haikutoka nguoni hata ungefua mara tatu. Nilifika pale kwa njia ya jamvi. Kazi yangu ilikuwa kusuka ukili wa miyaa na kuuza majamvi Kariakoo, na Fundi Mbaruku alipokuja kununua hakuuliza habari ya rangi kama wanunuzi wengine. Aligeuza jamvi, akalitazama upande wa nyuma, akapitisha kidole kwenye maungio, kisha akasema, “Nani aliyesuka?” Nikamjibu kwamba ni mimi. “Umejifunza wapi kukaza bila kukata?” Nikamwambia kwamba ukili ukikatika, hasara ni ya msukaji. Akalikunja jamvi, akasema, “Kesho njoo unisukie shaba.” Nilidhani mzee anatania. Sikujua wakati ule kwamba mota iliyoungua hufumuliwa nyaya zake na kusukwa upya, mkunjo kwa mkunjo, na kwamba mji mzima ulikuwa ukimtegemea mzee yule kwa kazi hiyo.

Hamisi alikuwa fundi wa pili, kijana wa Temeke mwenye mabega mapana, aliyekuwa amekwisha kukaa pale miaka mitatu. Siku ya kwanza aliponiona nimeketi kwenye meza ya tatu alisema kwa sauti ya kusikika hadi dukani, “Leo tumepata Fundi Ukili. Kesho tutapata mfinyanzi, keshokutwa mganga.” Nikamwambia kwamba mganga hatahitajika iwapo yeye atajifunza kufunga mdomo. Fundi Mbaruku hakucheka wala hakukemea. Alinitupia koili ya zamani, kitita cha waya wa shaba, na kuniambia niihesabu mikunjo yake. Sikuwa na kalamu, na hata ningekuwa nayo isingenifaa, kwa hiyo niliweka makopo mawili mezani, moja lina kunde, jingine tupu, na kila nikimaliza mikunjo kumi nikahamisha punje moja. Hamisi alihesabu kwa penseli, nami kwa kunde, na jioni ile hesabu zetu zilipotofautiana, Fundi alihesabu mwenyewe kwa kucha. Kunde zilisema kweli. Tangu siku hiyo Hamisi aliendelea kuniita Fundi Ukili, ila sauti yake ilikuwa nyingine.

Chakula cha mchana ndicho kilichokuwa darasa letu. Hamisi alikuwa akipita soko la Feri asubuhi na kuleta samaki wa kukaanga waliofungwa ndani ya gazeti, mara nyingi changu, na jirani mmoja alituuzia mihogo ya kukaanga na pilipili iliyosagwa na chumvi na ndimu. Wao walikula sinia moja karibu na mlango, nami kwenye meza yangu, nimewapa bega kwa adabu, lakini masikio nimewapa yote. Siku moja Fundi aliniuliza, “Zuhura, umewahi kucheza ngoma ya harusini?”

“Nimecheza, Mzee.”

“Mkizunguka duara, mwendo anauamua nani?”

“Mpiga ngoma.”

“Akipiga kwa nguvu zaidi, mtakwenda mbio zaidi?”

Nikafikiri. “Hapana, Mzee. Tutamsikia zaidi tu. Akiharakisha mapigo ndipo tutakapoharakisha miguu.”

“Basi mota umekwisha kuijua nusu,” akasema, akaendelea kumchambua samaki wake.

Nusu ya pili alinipa kwa vipande, siku baada ya siku. Alisema umeme wa mjini hauji kama maji ya bomba, yanayokuja upande mmoja tu. Huu huja na kurudi, mara hamsini kwa kila sekunde, na hayo ndiyo mapigo ya ngoma. Koili zimepangwa kwa duara ndani ya matundu ya chuma, na umeme unapopita humo kwa zamu, mvuto wa sumaku hausimami mahali pamoja, bali hutembea kuzunguka duara. Katikati yake ipo rota, pipa la chuma lisilounganishwa na waya wowote, nalo huukimbilia ule mvuto. “Na haliufikii hata siku moja,” alisema. “Likiufikia, hakuna tena cha kulivuta. Litalegea, litabaki nyuma kidogo, na hapo litavutwa tena. Kazi yote ya mota imo katika kule kubaki nyuma kidogo.”

“Kama mimi na yule binti wa Ilala ninayemkimbilia,” Hamisi akasema.

“Wewe hujabaki nyuma kidogo,” Fundi akamjibu. “Wewe umebaki Temeke.”

Kisha akatuonyesha kwa kidole, kwenye vumbi la meza, kwamba duara laweza kugawanywa kwa ncha za sumaku: nne, au sita, au zaidi. Mapigo ni yaleyale, hamsini, hakuna awezaye kuyabadili. Lakini ukiongeza ncha, kila pigo hukufikisha hatua fupi zaidi, na mzunguko mmoja huhitaji mapigo mengi zaidi. Mota ya ncha nne hukimbia mizunguko elfu moja na mia tano kasoro kidogo kwa dakika. Ya ncha sita, elfu moja kasoro kidogo. Siku hizi mjukuu wangu mwingine, Salumu, hufunga visanduku wanavyoviita inveta kwenye pampu za maghorofa ya Kariakoo. Mwezi uliopita alinipeleka nione, akazungusha kitufe, na pampu iliyokuwa ikinguruma ikapunguza mwendo kwa utaratibu, bila kufumuliwa hata uzi mmoja. Akaanza kunieleza. Nikamkatiza: “Hicho kisanduku kinabadili mapigo.” Akanitazama kama aliyemwona paka anasoma gazeti. Sikumweleza nilijifunzia wapi, wala ni mali ya nani iliyoungua ili nijifunze.

Mali hiyo ilikuwa ya Bwana Awadhi. Alikuwa mtu wa nasaba ya Kiarabu, na duka lake lilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu: chumba chenye magunia ya buni, sufuria pana la kukaangia, na benchi ambalo wauza kahawa waliketi asubuhi wakisubiri unga wao kabla ya kusambaa Kariakoo na madele yao ya kahawa na kashata. Miaka yote alikuwa akitwanga kwa kinu cha mti, kazi iliyommaliza mabega, na mwaka ule akapata kinu cha umeme. Kilifungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota. Hakikuwa na mkanda ambao ungeweza kubadilishiwa gurudumu. Mota ilikuwa ya ncha nne. Kahawa ilitoka laini kama poda, lakini ilitoka ya moto, na harufu yake ilikuwa imekwisha kuruka hewani kabla ya kufika mfukoni. Alikuja karakanani wakati Fundi Mbaruku amekwenda Bagamoyo matangani kwa wiki nzima. Nilimsikia kutoka mezani kwangu akizungumza na Hamisi mlangoni.

“Inaungua mara ya pili, Hamisi. Naikaanga mara moja, mashine inaikaanga tena.”

“Msubiri Mzee, Bwana Awadhi. Jumamosi atakuwa amerudi.”

“Jumamosi! Ramadhani imebaki siku kumi na mbili. Wauzaji wangu wawili wamekwisha kuhama. Mmoja jana kanipita hapa nje. Kanisalimia vizuri, kaniuliza hali ya nyumbani, lakini hakusimama.” Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mwezi huu ukinipita, duka sina.”

Kila mtu wa mji huu anajua maana ya kahawa katika mwezi ule, baada ya futari na baada ya tarawehe. Nilimwonea huruma, hilo ni kweli. Lakini nisiseme huruma tu. Nilikuwa na miezi minane pale, nilikuwa nimesuka mota kumi na moja bila moja kurudi, na nilitaka Fundi akirudi akute jambo limekwisha. Nikatazama juu. Feni ya dari ilikuwa ikizunguka, na ukutani palikuwa na kisanduku chake chenye namba tano za kupunguzia mwendo. Nikajiambia: kama kisanduku kidogo chapunguza mwendo wa feni ndogo, kitu kikubwa kitapunguza mwendo wa mota kubwa. Kitu kikubwa tulichokuwa nacho kilikuwa jiko la umeme la koili moja, tulilochemshia chai.

“Usifanye,” Hamisi alisema nilipomweleza. “Mzee alisema ngoma ni mapigo, si nguvu.”

“Na feni je? Feni haisikii ngoma?”

Hamisi akaitazama feni; kwa kweli swali hilo hata mafundi wengi wa leo huwashinda. Nikalichukua jiko hadi dukani kwa Bwana Awadhi, nikaupitisha umeme ndani yake kabla haujafika kwenye mota. Niliiwasha mota kwanza kwa umeme kamili, kisha nikauhamishia njia ya jiko. Koili ya jiko ikawa nyekundu. Kinu kikapunguza mlio, kikapunguza mwendo, na kahawa ikaanza kushuka taratibu. Bwana Awadhi akaweka kiganja chini ya mdomo wa kinu, akanusa, na uso wake ukafunguka. Wauzaji waliokuwa benchini walisimama. Mmoja akasema, “Mashaallah, binti kaleta kinu cha bibi zetu.” Nilisimama pale nimekunja mikono, na nakiri kwamba sijapata kujiona mrefu kama siku ile.

Mambo hayo yalidumu robo saa. Kisha mlio ukageuka kuwa mzito, kama wa mtu anayesukuma gari bovu, kinu kikawa kinasitasita, na kabla sijaufikia waya moshi mweupe ulikuwa umejaa chumba kizima. Harufu ya vanishi iliyoungua iliingia ndani ya magunia ya buni. Nikazima. Bwana Awadhi alifungua dirisha, akarudi, akaniuliza, tena kwa upole: “Umeme umepanda, binti?”

Hamisi alikuwa amefika mlangoni. Aliniangalia, akaniokoa kwa njia aliyoijua. “Umepanda, Bwana Awadhi. Mtaa wetu pia taa zimecheza.” Nami nikanyamaza. Mafundi wa mji huu kila mmoja alikuwa na jibu hilo mfukoni, kwa sababu umeme hupanda kweli, na mtu hawezi kuushika umeme akauliza. Bwana Awadhi akaamini. Tukaibeba mota hadi karakana, na nilikaa nayo siku mbili mezani bila kuigusa, na siku hizo mbili sikuweza kuhesabu hata koili moja mpaka mwisho.

Fundi Mbaruku alirudi Jumamosi. Kabla hajakaa aliiona mota, akaifungua, akainama, akanusa. Nyaya zilikuwa zimeiva nyeusi pande zote kwa usawa, kama mkate uliosahauliwa tanurini. “Imekufaje?” akauliza. Hamisi alianza kufungua mdomo. Nikamtangulia. “Nimeiua mimi, Mzee.” Nikamweleza yote, jiko, feni, robo saa ile.

Hakupandisha sauti. Alivuta kigoda akakaa. “Feni inasukuma hewa,” alisema. “Ukiinyima nguvu, inapunguza mwendo, na ikipunguza mwendo hewa nayo inapunguza ubishi. Wanaelewana. Kahawa haipunguzi ubishi, Zuhura. Mapigo yalikuwa yaleyale hamsini, wewe umeifanya ngoma isikike kwa mbali tu. Mota ikabaki nyuma mno, ikawa inajikokota, ikavuta umeme kupita kiasi chake, ikajipika.” Kisha akauliza, “Mwenyewe anajua?”

“Anajua umeme ulipanda.”

“Basi bado hujasema.”

Nilikwenda peke yangu. Bwana Awadhi alikuwa nyuma ya meza, benchi mbele yake halina mtu. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba umeme haukupanda, kwamba mota niliiunguza mimi kwa kutokujua, na kwamba nilinyamaza siku mbili kwa kujua. Nilitegemea matusi, ningeyapokea. “Mota ni chuma, binti,” akasema. “Lakini kinu changu cha mti nilimpa jirani wiki iliyopita, na jirani jana amekwenda nacho Pwani. Ungeniambia juzi, ningemkuta.” Katika maisha yangu nimeharibu vitu vingi na nimesamehewa vingi, lakini siku mbili zile ndizo ninazozikumbuka kila mjukuu wangu anapovunja kitu na kukificha. Wanadhani nakasirikia kikombe.

Zilibaki siku nane. Fundi aliamua kwamba mota isukwe upya kwa ncha sita, na nisuke mimi. Alimtumia Bwana Awadhi ujumbe ulionyooka: itakwenda polepole, na kwa saa moja itasaga kidogo kuliko mwanzo, hilo asitegemee vinginevyo. Bwana Awadhi akajibu kwamba hana haraka, haraka ndiyo iliyomfikisha hapo. Lakini shaba hatukuwa nayo. Miaka ile waya mpya ulikuwa adimu mjini, na ule wa zamani ulikuwa umeungua hadi ndani. Fundi alizunguka maduka ya Kariakoo tangu asubuhi hadi alasiri, akarudi mikono mitupu, akakaa.

Hamisi alitoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa amebeba bati la biskuti begani, akaliweka mezani kwangu kwa kishindo. Ndani mlikuwa na waya safi, uliokunjwa kwa uangalifu, masalio ya miaka mitatu aliyokuwa akikusanya kwa idhini ya Fundi ili asuke mota yake ya kwanza siku atakapofungua karakana yake. Wote watatu tuliijua shabaha ya bati lile. Nikamwambia siwezi kuuchukua.

“Usinitazame hivyo, Fundi Ukili,” akasema. “Bwana Awadhi akifunga, kahawa nitakunywa wapi? Kwenu?”

“Hamisi, huu ndio mwanzo wako.”

“Mwanzo hauendi popote. Na mimi ndiye niliyesema umeme umepanda.” Akaondoka akaenda kufua mabano ya feni, akipiga nyundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Karakana yake ilichelewa zaidi ya mwaka kwa sababu ya jioni ile. Mara mbili baadaye nilijaribu kumrudishia waya. Mara zote mbili alinitania mpaka nikakasirika, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilisuka siku nne. Matundu yalikuwa thelathini na sita, na sasa kila ncha ilipewa sita badala ya tisa, koili fupi zaidi, mikunjo mingi zaidi. Nilikata karatasi za kuhami, nikazipanga, nikaingiza nyaya kwa kijiti cha mwanzi ili zisichubuke, nikazifunga kwa uzi. Fundi hakunigusia kazi, isipokuwa mahali pamoja: ndani ya mota mlikuwa na swichi inayojitenga yenyewe mwendo ukishachanganya, na kwa kuwa mwendo mpya ungekuwa mdogo, alilegeza springi zake ili isisubiri kasi isiyokuja. Tulipaka vanishi, tukaikausha juani uani kwa siku nzima, Hamisi akiifukuzia kuku wa jirani.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama tuliifunga dukani. Mimi ndiye niliyewasha. Ilinguruma, ikachanganya, swichi ikalia tak, ikatulia katika mwendo ambao macho yangeweza karibu kuufuata. Bwana Awadhi alimimina buni. Aliweka kiganja chini ya mdomo wa kinu, akakiacha hapo hadi kikajaa, akanijia na kunimiminia unga ule mkononi mwangu. Ulikuwa baridi kama mchanga wa asubuhi. Akachemsha dele la kwanza palepale, akampa Fundi, akampa Hamisi, kisha akanipa mimi kikombe na kusema, “Kunywa, binti, uijue.” Wauzaji hawakurudi siku ile. Walirudi mmojammoja ndani ya wiki ya kwanza ya mfungo, wakijifanya hawakuwahi kuondoka, naye akajifanya hakuona.

Nilidhani nimesamehewa, lakini Fundi Mbaruku hakuwa mtu wa kutamka jambo kama hilo. Kwa desturi yetu wateja walizungumza naye yeye tu. Sisi wengine tulikuwa mikono. Alasiri ya kuamkia Idi Mosi, tulipokuwa tunafunga karakana mapema, alikuja bwana mmoja wa Upanga na pampu iliyokufa, akaiacha, akasimama uchochoroni kusubiri. Fundi aliifungua, akaitazama, akanisogezea. “Isome,” akasema. Nikaisoma: bearingi ilikuwa imekwama, rota imesugua chuma, maji yameingia kwa sababu kifuniko kilifungwa kinyume, kwa mkono usio wa fundi. “Nenda ukamwambie,” akasema, akaanza kuvaa kanzu yake.

Nikatoka. Yule bwana alitazama juu ya bega langu, ndani ya chumba. “Fundi yuko wapi?”

“Bwana, macho umeyaacha nyumbani?” Hamisi alipaza sauti kutoka ndani, akiwa katikati ya kufunga dirisha. “Fundi ndiye huyo aliye mbele yako!”

Nikamwambia pampu yake imekufaje, na kwamba kifuniko alikifunga kinyume yeye mwenyewe.